Siku Moja ya Kuona Mlima wa Moto na Magofu

Katika somo la jiografia wanafunzi husoma habari za mlima Vesuvius, ulioko Italia karibu na mji wa Naples. Mwaka 79 baada ya kuzaliwa Kristo mlima huo ulipasuka, ukaufunika mji wa Warumi ulioitwa Pompeii kwa majivu na mawe mepesi, na watu wengi wakafa. Mji ule ulikaa chini ya majivu zaidi ya miaka 1,600, hata watu walipoanza kuufukua mwaka 1748. Siku hizi mgeni aliyefika Naples aweza kutembea katika njia za Pompeii asubuhi, na alasiri akaenda kuutazama mlima wenyewe, kwa maana viwili hivyo vimetengwa na kilometa kama 10 tu.

Wanafunzi wakiisha kusoma hayo, huuliza: Je, katika nchi yetu pako mahali pa namna hiyo, ambapo mtu aweza kuona mlima wa moto na magofu ya kale kwa siku moja? Naam, pako. Kaskazini ya nchi yetu, katika Bonde la Ufa, umesimama mlima Ol Doinyo Lengai, ambao jina lake kwa Kimasai maana yake ni Mlima wa Mungu. Na kusini ya mlima huo, chini ya ukuta wa bonde, yako magofu ya Engaruka. Magofu hayo si ya Warumi, wala hayakujengwa na wageni. Ni kazi ya mikono ya Waafrika, waliokaa hapo tangu karne ya 14 au ya 15 hata karne ya 18. Nataka kuwaeleza jinsi sisi watu watatu wa Ikungi tulivyoipanga safari ya kwenda huko, maana katika kuipanga tulijifunza mengi kama katika kusafiri.

Watu watatu hao walikuwa mjomba wangu, mwalimu mwenzangu aliye kijana, na mimi. Mjomba ni mzee wa miaka zaidi ya 70. Kazi yake tangu ujana ni kuchimba visima, na visima vingi vya vijiji vyetu vilipata maji kwa jembe lake na kwa shauri lake. Tangu utoto alisikia kwa wachuuzi wa ng'ombe habari za mlima utoao moto, naye alitamani kuuona kabla miguu yake haijakataa kabisa. Mwaka ule alizeti ilistawi. Akauza magunia kadhaa, akaja kwangu na fedha ndani ya kitambaa, akanena: "Mpwa wangu, wewe umesoma ramani. Fedha yangu hii ni jasho la msimu mzima. Nipangie safari, lakini usinipangie safari ya kupoteza." Kwa hiyo niliona kwamba kazi niliyopewa si mchezo. Mzee hatakwenda mara ya pili, wala alizeti haistawi kila mwaka.

Jambo la kwanza lilikuwa kupima njia. Kutoka Ikungi mtu huenda Singida mjini, kisha hushika barabara ya Katesh na Babati hata Makuyuni, na hapo hugeuka kwenda Mto wa Mbu, karibu na Ziwa Manyara. Safari hiyo hula siku nzima. Basi nilimweleza mjomba ya kuwa safari yetu ya siku moja ina siku tatu: moja ya kwenda mpaka Mto wa Mbu, moja ya kuona, na moja ya kurudi. Watu wengi huhesabu siku ya kuona tu, wakasahau nyingine mbili pamoja na gharama za kulala na kula.

Jambo la pili lilikuwa chombo. Mtu aweza kujiunga na kundi la wageni katika motokaa moja, akalipa sehemu yake, au aweza kukodi motokaa yake mwenyewe pamoja na dereva. Njia ya kwanza ni nafuu, lakini hapo saa si zako: wenzako wakitaka kuondoka utaondoka, na wakitaka kukaa utakaa. Mzee mwenye magoti mabovu hawezi kufuata mwendo wa vijana. Tukaona heri tukodi sisi wenyewe, kisha tugawane gharama. Kabla ya kupatana na dereva tulimwuliza mambo manne: bei ni pamoja na mafuta au bila mafuta; chakula chake ni juu ya nani; tairi la akiba liko na ni zima; na njia ile amekwisha kuipita, au ataijifunza kwetu? Maana upande wa Engaruka njia ina vumbi na mawe, na makorongo yake hujaa maji wakati wa masika. Kwa sababu hiyo tulichagua mwezi wa Agosti, wakati wa kiangazi.

Jambo la tatu ndilo lililotutia katika mabishano. Mwalimu kijana alitaka kuupanda mlima. Akanena: "Mwalimu, kufika chini ya mlima na kurudi bila kuupanda, si sawa na kwenda kisimani na kurudi na mtungi mtupu?" Sikumjibu kwa maneno, nalichukua karatasi nikaandika saa. Mlima ule una urefu wa karibu meta 3,000, nao ni mkali sana. Wapandaji huanza katikati ya usiku ili wafike juu wakati wa mapambazuko, kabla jua halijawa kali, na kuteremka huchukua saa nyingi za asubuhi. Aliyeshuka hana nguvu tena za kutembea katika magofu, ila hutafuta kivuli alale. Kama tungepanda, Engaruka isingepata hata saa moja, na mjomba, mwenye fedha nyingi kuliko sisi katika safari ile, angekaa chini peke yake akitungoja. Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Kijana akaitazama ile karatasi kitambo, kisha akanena: "Haya. Mlima nitaupanda mwaka mwingine kwa fedha yangu. Siku hii ni ya mzee." Neno hilo lilinipendeza sana, maana alikuwa amejinyima jambo alilolitamani kwa moyo wote.

Sasa tuliweza kuandika taratibu ya siku. Tuliandika kwanza saa ya kurudi. Tulikubaliana na dereva ya kwamba saa nane mchana, popote tutakapokuwa, tutageuza motokaa, ili tusikutwe na giza katika njia mbaya. Kisha tukagawanya saa zilizosalia. Magofu hutembelewa kwa miguu, na mawe yake huwa moto jua likipanda. Kwa hiyo tuliyapa asubuhi. Mlima tuliupa mchana, kwa kuwa mtu aweza kuutazama amekaa. Tukaandika na vitu vya kuchukua: maji mengi, chakula, kofia, viatu vigumu, na fedha kidogo kidogo kwa ajili ya viingilio na ujira wa kiongozi wa mahali.

Tuliondoka Ikungi siku ya Jumatatu. Tulipofika Katesh tuliuona mlima Hanang, ambao nao ni volkano iliyolala. Mwezi wa Desemba mwaka 2023 mvua kubwa ilinyesha hapo, sehemu ya mlima ikakatika, tope na mawe vikateremka juu ya mji na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Ndani ya basi watu walipunguza sauti zao. Mjomba alivua kofia mpaka tulipopita. Hivyo, kabla ya kufika kwenye mlima wa moto, tulikumbushwa ya kuwa hata mlima uliolala si wa kuchezewa.

Siku ya pili tuliondoka Mto wa Mbu saa kumi na moja alfajiri. Njiani tairi moja lilitoboka, na kulibadili kulitutwalia karibu saa nzima. Hata hivyo jua lilikuwa bado pole tulipofika Engaruka, na kijana mmoja wa Kimasai akatuongoza. Alituonyesha mahali pa nyumba za kale, penye viwanja vilivyosawazishwa na kuzungushiwa mawe juu ya mteremko. Chini yake yameenea mashamba yaliyogawanywa kwa safu za mawe, kiasi cha kilometa 20 za mraba, na mifereji iliyoyaleta maji kutoka mito iteremkayo ukuta wa bonde. Watu wale walilima mtama, chakula tunachokijua sana Ikungi. Ng'ombe wao waliwafunga zizini, wakapeleka samadi mashambani. Mjerumani Gustav Fischer aliyapita magofu haya mwaka 1883, na Louis Leakey alikuja kuyachunguza mwaka 1935. Wote waliona kazi kubwa ya watu waliokwisha kuondoka.

Mjomba hakujali sana nyumba. Alipofika kwenye mfereji alichuchumaa, akaweka fimbo yake juu ya mawe, akafumba jicho moja akatazama. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akanena: "Aliyejenga hapa aliyajua maji. Maji ukiyapa mteremko mkali, hula udongo. Ukiyanyima mteremko, hulala njiani. Huyu ameyapa kwa kiasi." Akauliza: "Nao walikwenda wapi?" Nikamwambia ya kuwa wataalamu hawajapatana. Wengine hudhani baadhi ya wazao wao ni Wasonjo, wakaao kaskazini zaidi, ambao hata leo hulima kwa mifereji. Wengi huona kwamba mito ilipungukiwa na maji, na ardhi iliyolimwa miaka mingi ikachoka, watu wakahama pole pole. Mjomba akatikisa kichwa. "Moto una kelele," akanena, "kila mtu huusikia akakimbia. Lakini maji yakipungua hayapigi kelele."

Tulikuwa tumepanga kuondoka saa nne. Mjomba aliomba aufuate mfereji mbele kidogo, na kwa kuwa motokaa ilikuwa yetu tuliweza kumpa saa moja zaidi. Hapo faida ya kukodi chombo chetu ilionekana wazi. Lakini saa ile, pamoja na saa ya tairi, ilitolewa katika saa za mlima. Kwa hiyo tulipokwenda mbele kuelekea kaskazini, hatukufika chini yake kabisa. Saa nane ilitukuta mahali ambapo mlima ulisimama mbele yetu wote mzima, mwembamba juu, na mbavu zake zimechorwa na makorongo, rangi ya kijivu na nyeupe. Dereva akasimama. Tulikula chini ya mgunga, na macho yetu kule.

Niliwaeleza wenzangu maajabu ya mlima huo. Milima mingine ya moto hutoa uji wa mawe wenye joto la digrii zaidi ya 1,000. Uji wa Ol Doinyo Lengai una joto la digrii kati ya 500 na 600 tu. Hutoka mweusi, na ukipata unyevu huwa mweupe, kwa sababu una chumvi za namna ya magadi ambayo mama zetu huyatia katika maharagwe. Hakuna mlima mwingine ulimwenguni ujulikanao kutoa uji wa namna hii siku hizi. Ulilipuka mwaka 1917, mwaka 1940, mwaka 1966, na tena mwaka 2007, ukarusha majivu mbali sana. Mjomba alisikiliza, kisha akanena: "Nimeuona. Fedha yangu haikupotea." Dereva akatazama saa yake, nasi tukageuka. Tuliingia Mto wa Mbu jua linatua.

Basi, ninyi wanafunzi, mkipanga safari, kubwa au ndogo, shikeni mambo haya. Kwanza, jueni mnakwenda kutafuta nini, maana asiyejua atafutalo hukimbilia yote. Pili, andikeni saa ya kurudi kabla ya saa ya kwenda. Tatu, mwendo wa safari na uwe wa yule aliye dhaifu kuliko wote. Nne, acheni nafasi kwa tairi litakalotoboka na kwa mzee atakayetaka kutazama mfereji. Mtakayoyaacha yasiwahuzunishe, kwa kuwa mlima upo, na kijana aweza kwenda tena.

Na tena kumbukeni habari za miji ile miwili. Pompeii iliangamia kwa muda wa siku mbili, na dunia nzima yajua habari zake. Engaruka iliachwa pole pole, na wengi wa nchi hii hawajasikia hata jina lake. Sisi wa Ikungi hatukai chini ya mlima wa moto, lakini tunakaa katika nchi ya mvua chache, tunalima mtama, nasi tunategemea visima. Kwa hiyo habari ya Engaruka yatuhusu kuliko ile ya Pompeii. Tangu tuliporudi, mjomba hupima kina cha maji ya kisima chetu kila mwezi kwa kamba yenye mafundo, na wanafunzi wawili wa darasa langu humwandikia hesabu katika daftari.