Mumunye za Mama

Mwaka tuliohamia Likoni tulipanda mumunye mwezi wa Mei, katikati ya masika. Mama yetu, Allah amrehemu, alituasa tungoje. Tukamjibu kwa kiburi cha elimu: mvua ni rehema, vipi izuie riziki? Hakujadiliana nasi.

Mimea ilitanda, ikatupendeza. Kisha majani yakaingia ukungu. Maua ya kike, yale yenye kitunda chini yake, yalifunguka asubuhi za mvua nyuki wasipotoka, na vitunda vikaoza vingali vidogo kama kidole. Hatukula hata mumunye moja.

Mwisho wa Julai, mvua zilipopungua na upepo wa kusi ungali ukipoza ardhi, Mama alipanda mbegu nne juu ya tuta lenye samadi ya mbuzi. Kila baada ya Alfajiri alimwagilia shinani, asiloweshe majani. Zilipopita siku kama 50, kabla ya vuli, alituandalia sahani ya mumunye za nazi. Hakusema neno.

Darasani tulikuwa tukisomesha kwamba Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wa sallam, alipenda mboga ya jamii hii, na kwamba Nabii Yunus alioteshewa mmea wake. Wakati wa kuipanda tulifunzwa na mama asiyepata kushika kalamu.

Siku ile tulimwomba radhi, akaturadhia. Alhamdulillahi hatukuahirisha, kwani masika yaliyofuata hakuyaona. Enyi wenye wazazi hai, waulizeni kabla hamjafukia mbegu.