Usiku niliomfuata mtoto wa kaka hadi chini ya reli

Kaka yangu aliuza ploti ili mwanawe akasomee uhasibu London. Basi niliposafiri huko mwaka juzi alinipa kazi moja tu: nimwone kijana kwa macho yangu, nirudi na ukweli.

"Shangazi, njoo Jumamosi unione nikiwa kazini," kijana aliniambia.

Kazini kwenyewe kulikuwa ndani ya handaki chini ya reli, saa saba za usiku! Bawabu alinitazama mara mbili, mama wa miaka 56 na kibeti chake, kisha akanipisha.

Kuta zilitiririka maji kwa joto la watu. Yeye alisimama nyuma ya mashine mbili za santuri, sikio moja limefunikwa, jingine likisikiliza ukumbi. Santuri moja ikikaribia kwisha, nyingine tayari inazunguka, na mapigo yake yanapandana bila kukosana hata kidogo. Kifua kilinitetemeka. Sikujua nikae wapi, maana hapakuwa na kiti.

Alianza na muziki uitwao elektro, ambao ngoma zake hupigwa na mashine. Mashine yenye sifa ni Roland TR-808 ya Japani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1980. Ndiyo inayosikika katika "Planet Rock" ya Afrika Bambaataa, 1982. Kisha akaingia breki-biti: vipande vya ngoma tupu vilivyokatwa kutoka santuri za zamani. DJ Kool Herc, mzaliwa wa Jamaica, alikuwa akivirefusha vipande hivyo Bronx, New York, tangu 1973, kwa kutumia nakala mbili za santuri ile ile.

Alipompisha mwenzake tulitoka nje kupunga hewa.

"Ile ngoma ya mwisho umeisikia, Shangazi? Ni sekunde saba hivi tu. Gregory Coleman aliipiga mwaka 1969, katika 'Amen, Brother' wa The Winstons. Imetiwa katika maelfu ya nyimbo."

"Alitajirika?"

"Hakulipwa kitu. Alikufa 2006, hana hata nyumba."

Nilimwuliza yeye analipwa ngapi. Pauni 50 na nauli. Na masomo je? Akainamisha kichwa. Karatasi mbili za mtihani zimebaki. Alizikwepa mwaka uliotangulia na hakuthubutu kumwambia babake. Kisha akatoa daftari mfukoni. Kila usiku aliocheza ulikuwa umeandikwa humo: tarehe, malipo, deni la mwenye klabu, vyote kwa safu zilizonyooka. Uhasibu ulikuwa umemwingia, nikacheka peke yangu.

Kaka alipiga simu asubuhi kabla sijalala.

"Anasoma?"

Nilimweleza karatasi zile mbili, kwamba ameapa kuzifanya. Nikamweleza na handaki. Alinyamaza muda mrefu hata nikadhani simu imekatika.

"Na watu," akauliza mwishowe, "walicheza?"

"Walicheza hadi kukapambazuka."