Nani atume kwanza?

Kati ya Goma na Bukavu, swali hili linavunja biashara nyingi ambazo zingefanyika bila shida. Muuzaji wa Bukavu ana koli la vitenge. Mnunuzi wa Goma ana dola ndani ya simu. Muuzaji anasema: tuma pesa, koli litapanda boti ya kesho. Mnunuzi anajibu: koli lipande kwanza, nikisikia limepanda natuma. Wote wawili wana haki, na kila mmoja anamjua mtu aliyelizwa kwa njia hiyo. Benki za Goma zilipofunga milango mwanzoni mwa mwaka 2025, simu ilibaki kuwa sanduku la pesa la wakaaji wengi, na swali likazidi uzito.

Wachache wanajua kwamba jambo hili lina wataalamu wake. Kuna elimu ya kuficha habari kwa hesabu, inayoitwa kriptografia, ile ile inayolinda pesa zinazopita mitandaoni. Wengi wanafikiri kazi yake ni kumzuia mwizi wa nje asisikilize. Lakini kuna upande wake mwingine unaohusu mtu wa hatari zaidi: yule unayeongea naye.

Mwaka 1981 Manuel Blum, profesa wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alitoa makala fupi juu ya kurusha sarafu kwa njia ya simu. Mfano wake ni wa watu wawili waliotoka kuachana, kila mmoja anaishi mji wake, na wanataka kuamua nani abaki na gari. Mmoja akirusha sarafu kwake na kusema "umeshindwa", mwenzake atamwamini vipi? (Aliyewahi kuketi katika baraza la familia kusikiliza kesi ya ndoa atacheka kidogo hapa.)

Jibu la Blum, kwa maneno ya kawaida, ni hili. Mwanamke achague upande mmoja wa sarafu, aufungie ndani ya hesabu iliyo kama sanduku la kufuli, alitume sanduku na kubaki na ufunguo. Mwanaume hawezi kuona kilicho ndani, na mwanamke hawezi tena kukibadilisha. Mwanaume anabahatisha: upande huu au ule. Ndipo mwanamke anatuma ufunguo, sanduku linafunguliwa, gari linapata mwenyewe. Kufuli hilo linasimama juu ya namba kubwa sana iliyopatikana kwa kuzidisha namba mbili. Kuzidisha ni rahisi. Kuzitafuta zile mbili ukiwa na jibu peke yake kunaweza kuishinda hata kompyuta kubwa.

Ni akili nzuri, lakini ina tobo. Mwanaume akishabahatisha, mwanamke anajua matokeo kabla yake. Akiona gari limeenda, anakata simu. Rezo imekata! Nani atathibitisha kwamba haikukata? Hapa Kivu hakuna asiyeijua rezo inayokata wakati wa kulipa deni.

Tobo hilo liliwasumbua wataalamu kwa miaka. Mwaka 1980 Shimon Even na Yacov Yacobi walionyesha kwamba watu wawili hawawezi kutia sahihi mkataba kwa mbali kwa hatua zilizopangwa kabisa, bila mtu wa tatu, bila kupita mahali ambapo mmoja amekwisha kufungwa na mwenzake bado yuko huru. Wengine wakasema: basi tupeane siri kidogo kidogo, kipande kwangu, kipande kwako, hadi ziishe. Mmoja akikimbia katikati, amemzidi mwenzake kwa kipande kimoja tu. Inaonekana haki, lakini angalia vizuri. Mwenye kompyuta yenye nguvu anaweza kukimbia vipande vichache kabla ya mwisho na kuvitafuta vilivyobaki kwa kujaribu moja moja usiku mzima. Yule wa sibakafe, anayesubiri jenereta iwake, atavitafuta hadi lini? Haki ya namna hii inafikiri kwamba watu wote wana mashine sawa. Hiyo si haki ya kutosha.

Mwaka 1986 Richard Cleve alifunga mjadala kwa upande mmoja. Alithibitisha kwamba katika kurusha sarafu kati ya watu wawili, ikiwa mmoja anaweza kuacha wakati wowote, daima kuna njia ya kuinamisha matokeo. Kuongeza zamu za kupeana habari kunapunguza kuinama huko, lakini polepole: ukitaka kupungue mara kumi, jiandae kwa zamu mara kumi zaidi. Kuisha, hakuishi. Kukiwa na watu wengi na waaminifu wakazidi nusu, haki kamili inawezekana. Wazee wanaodai mashahidi wakati wa kuuza parseli hawakusoma hesabu hizo, lakini hawako mbali nazo.

Basi tunarudi kwa mtu wa tatu. Shida yake tunaijua: bandarini wapo jamaa wanaoshika pesa za pande zote mbili, na wanataka chao hata siku ambayo hakuna ugomvi. Mwaka 1997 N. Asokan, Matthias Schunter na Michael Waidner walipendekeza kitu cha busara zaidi. Wauzaji na wanunuzi wamalizane wenyewe, na mwamuzi aitwe pale tu mmoja anapogoma, akiletewa karatasi za kutosha kumaliza kesi bila mgomaji. Ni kama shefu wa avenyu anayeachwa alale, ila kila mtu anajua mlango wake uko wapi. Kati ya njia zote, hii ndiyo inayofanana zaidi na maisha ya watu. Lakini inataka shefu asiyenunuliwa.

Njia nyingine ilikuja pamoja na bitcoin. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Warsaw, huko Poland, walionyesha mpango ambao kila mmoja anaweka dhamana kwanza. Ukikata rezo kwa makusudi, dhamana yako inaenda kwa mwenzako. Kukimbia kunabaki kuwezekana, ila kunalipiwa.

Kwa mfanyabiashara mwenye makoli mia hilo ni jepesi. Mama mwenye koli moja ameweka mtaji wake wote ndani ya vitenge, na dola za kufungia kwenye dhamana kwa siku tatu hana. Kwake, mpango huo mzuri unaanza na mlango uliofungwa. Wa namna hiyo ndio wengi pale bandarini, na bado wanapigiana simu wakiulizana nani atume kwanza.