Sajini na Gari la Milango Miwili

Gari liliingia uani mwa kambi ya polisi mjini Jinja Jumamosi moja jioni, na watoto wakalizingira kabla injini haijazimwa. Lilikuwa Toyota Celica ya mwaka 2002, rangi ya fedha, yenye pua ndefu iliyochongoka na mgongo ulioteremka mpaka nyuma. Mwenyewe, Sajini aliyetumikia miaka 22, sehemu kubwa akiwa barabarani kuongoza magari ya watu wengine, alitoka kwa kujivuta: kwanza mguu, kisha kichwa, na mwisho kofia. Mke wake alisimama mlangoni, mikono imejaa unga. Alihesabu milango ya gari, akapata miwili. Kisha akawatazama watoto, ambao hawakuhitaji kuhesabiwa. Walikuwa wanne.

"Baba, tulipatana gari la familia," alisema.

Akiba ile ilikuwa ya wote wawili. Nusu ilikatwa katika mshahara mwezi baada ya mwezi, na nusu ilitokana na kuku ambao mama huyo alikuwa akiwafuga na kuwauza kwa muda wa miaka sita. Patano lilikuwa ni kununua gari lenye mgongo mrefu, la kubebea watoto, magunia na wagonjwa. Sajini alikwenda Kampala na nia hiyo hiyo. Lakini huko akaiona Celica, na mwuzaji akamwambia kwamba magari ya namna hii huitwa kwa Kifaransa "kupe". Alilirudia neno hilo nyumbani kwa fahari. Mke wake akajibu kwamba kupe anayemjua yeye hukaa sikioni mwa ng'ombe na kunyonya.

Kumlaumu Sajini ni rahisi, lakini wako wanaume wengi ambao wangefanya kama yeye. Alipokuwa mvulana, Safari Rally ya Kenya ilisikilizwa redioni kama vile wengine wasikilizavyo mpira. Mwaka 1990 Björn Waldegård wa Sweden alishinda kwa Celica. Mwaka 1992 akashinda Carlos Sainz wa Hispania, mwaka 1993 Juha Kankkunen wa Finland, na mwaka 1994 Ian Duncan, Mkenya, wote kwa Celica. Wazee nao walikuwa wakimsimulia habari za Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyeshinda mwaka 1973 kwa Datsun 240Z, nalo ni gari la milango miwili. Kwa hiyo alipoliona jina lile nyuma ya gari lililoegeshwa chini ya mwembe, bei shilingi milioni 16, hakuona gari lililotumika. Aliona matope ya Kenya na umati wa watu kando ya njia.

Ukweli ni kwamba undugu wa gari lake na yale ya mashindano ni wa jina zaidi kuliko wa mwili. Yale yalikuwa na injini za tabo na nguvu katika magurudumu yote manne. Lake huvutwa na magurudumu ya mbele tu, kwa injini ya lita 1.8.

Hata hivyo, wiki ya kwanza ilimpa furaha ambayo haifai kudharauliwa. Usukani wake ni mwepesi wa kutii: ukiugeuza kidogo, pua ya gari imekwisha kwenda. Gia tano huingia kwa mwendo mfupi wa mkono. Injini ikipandishwa mizunguko hubadili sauti, kutoka mngurumo wa kawaida hadi mlio mkali. Katika kona za njia ya kwenda Kampala gari halikuinama ubavuni kama yainamavyo mabasi madogo, bali lilishika lami kama kenge. Sajini, ambaye amewaandikia faini madereva wengi wa mwendo wa kasi, aligundua kwamba mguu wake wa kulia ulihitaji kusimamiwa.

Kasoro nazo hazikuchelewa kujionyesha. Redio ilikuwa ya Kijapani, ambayo masafa yake huishia 90, na stesheni nyingi za nchini ziko juu ya hapo. Basi familia ikasikiliza mikwaruzo. Kiti cha nyuma kilitosha watoto wawili, nao waliingia kwa kukunja kiti cha mbele na kutambaa. Tumbo la gari halifiki shibiri moja kutoka ardhini, na kila tuta lilipaswa kuvukwa kishazari, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Tuta lililomkwaruza vibaya zaidi lilikuwa mbele ya shule moja. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika barua ya kuomba lijengwe.

Mwishoni mwa wiki ya tatu ikaja simu kutoka kijijini, karibu na Nebbi. Goti la mama yake lilikuwa limevimba, na alitakiwa kupelekwa hospitali mjini Arua. Sajini aliondoka alfajiri, akapita Luweero na Karuma, ambako nyani huketi kando ya barabara wakingoja maganda, akavuka Nile tena pale Pakwach. Njia nzima gari lilikwenda vizuri kupita kiasi. Alifika kabla ya saa alizotarajiwa, na majirani wakatoka kulishangaa.

Mama aliletwa akishikwa mikono huku na huku. Alilitazama gari kwa upole. "Mwanangu," aliuliza, "hili ni la watoto?"

Walijaribu. Kiti kilikuwa chini mno, na ili kukifikia ilibidi goti likunjwe, nalo halikukubali. Walijaribu kumwingiza kwa mgongo, kisha ubavu, kisha Sajini akapiga magoti vumbini ili ambebe. Mama hakulia, lakini alimshika mwanawe bega kwa nguvu, na Sajini akaelewa, akamsimamisha tena. Mwalimu mmoja wa jirani alikuwa na gari kuukuu la mgongo mrefu, lenye mlango mmoja wa rangi tofauti na mingine. Likaletwa. Mama akakalishwa kiti cha nyuma, mguu umenyoshwa juu ya mto, kama aketivyo mkekani kwake.

Vyombo, mablanketi na gunia la ufuta viliwekwa nyuma ya Celica, chini ya kile kioo kikubwa kinachofunguka juu. Hapo palikuwa na nafasi ya kutosha. Kisha Sajini akafuata nyuma ya mwalimu, kilometa 40 kwa saa, akikitazama kilemba cha mama yake kupitia kioo cha gari la mbele. Hakuwa amewahi kuliendesha gari lake kwa mwendo ule. Injini ilinyamaza karibu kabisa, na katika ukimya huo akasikia, kwa mara ya kwanza tangu alinunue, kwamba gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa likigonga.