Wangapi Wamefika?

Methali isemayo kwamba kutangulia si kufika hutumiwa aghalabu kuwapoza waliochelewa na kuwatia adabu walioanza kwa kishindo. Imezoeleka mno kiasi kwamba hupita masikioni bila kuacha alama. Hata hivyo, alasiri ya Jumapili tarehe 28 Septemba 2025, katika soko la Kalamba, Kaunti ya Makueni, methali hiyo ilipata uhai mpya, na aliyeuleta uhai huo ni mzee ambaye hakuitamka hata mara moja.

Mzee huyo ni fundi wa baiskeli. Kazi yake imepungua tangu pikipiki zilipoenea Ukambani, lakini haijakwisha. Wako bado wanaofunga madumu ya maji nyuma ya baiskeli na kuyasukuma kutoka mtoni hadi nyumbani. Wako wanaobeba magunia ya mahindi kwenda kusagisha, na msimu wa maembe unapowadia, wako wanaoyafikisha matunda yao sokoni kwa njia hiyo hiyo. Baiskeli anazozitengeneza ni zile nzito, nyeusi, zisizo na gia, ambazo Wakenya huziita Black Mamba. Kwake yeye baiskeli si mchezo. Ni punda asiyehitaji majani.

Msaidizi wake ni mjukuu wake, kijana wa miaka ishirini na mitatu, ambaye humwita umau, yaani babu kwa Kikamba. Siku hiyo kijana hakuziba pancha hata moja. Aliiegemeza simu yake kwenye kopo la gundi tangu asubuhi, akayafuatilia mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yaliyokuwa yakifanyika Kigali, Rwanda, hadi bando lake likakaribia kumalizika.

Mashindano hayo yalianza mwaka wa 1921, na kwa zaidi ya karne moja hayakuwahi kuandaliwa katika ardhi ya Afrika. Kigali ulikuwa mji wa kwanza. Shule za mji huo zilifungwa kwa wiki nzima, na watu wakajaa vilimani kando ya barabara. Siku ya mwisho, wanaume walipangiwa kilomita 267.5 za kupanda na kushuka, nyingine juu ya barabara zilizotandazwa mawe. Mtu akijumlisha miinuko yote waliyoikwea, anapata zaidi ya mita 5,400. Mlima Kenya wenyewe, tokea usawa wa bahari hadi kileleni, una mita 5,199.

Zilipokuwa zimesalia kilomita 100 na ushei, Tadej Pogačar wa Slovenia alichomoka katika mwinuko wa Mlima Kigali. Wawili walijaribu kuandamana naye, na wote wawili wakaachwa. Kilomita zaidi ya 60 za mwisho alizimaliza peke yake. Remco Evenepoel wa Ubelgiji, aliyelazimika kubadilisha baiskeli njiani, alikuwa wa pili, na Ben Healy wa Ireland akawa wa tatu. Baada ya saa sita na ushei za jua na jasho, matokeo yakawa ndiyo hayo.

Hapo kibandani, matokeo hayo yalipokewa kwa namna mbalimbali. Vijana watatu wa bodaboda waliokuwa wakichungulia simu waliuliza swali moja tu: Mkenya amekuwa wa ngapi? Walipoambiwa kwamba hapakuwa na Mkenya katika vita vya mbele, wala Mwafrika yeyote katika jukwaa la washindi, waliwasha pikipiki zao. "Basi hayo si yetu," alisema mmoja wao. Mama anayeuza mboga jirani na kibanda aliuliza kama vijana wale walipewa maji, na alipohakikishiwa kwamba walipewa, akarudi kwa wateja wake akiwa ameridhika.

Mwalimu mstaafu aliyeleta baiskeli yake kufungwa breki alikuwa na uchungu wa aina nyingine. Yeye alimkumbuka Chris Froome. Froome alizaliwa Nairobi mwaka wa 1985, akafundwa na David Kinjah katika njia za Kikuyu, akaivalia Kenya jezi katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka wa 2006. Mwaka wa 2008 alichukua leseni ya Uingereza, na kati ya 2013 na 2017 akashinda Tour de France mara nne. Mwalimu alikumbuka jinsi watu walivyogawanyika kila habari hizo zilipotangazwa redioni. Kuna waliosema ni mtoto wa nyumbani, na kuna waliosema mtoto aliyebadilisha jina la baba hadai urithi. "Nami sijui hadi leo nilipaswa kushangilia au kununa," alisema mwalimu.

Kijana alimjibu kwa heshima. "Mwalimu, mbona Waeritrea wao wanajua?" Akamsimulia habari za Biniam Girmay, mzaliwa wa Asmara, ambaye tarehe 27 Machi 2022 alishinda Gent–Wevelgem nchini Ubelgiji, mashindano ya siku moja ya takriban kilomita 249. Hakuna Mwafrika aliyekuwa amewahi kuyashinda kabla yake. Aliporudi nyumbani, watu walimiminika katika barabara za Asmara kumlaki. Baiskeli ziliingia nchini humo pamoja na wakoloni wa Italia, na kwa muda mrefu wenyeji hawakuruhusiwa kushindana na Wataliano. Waliporuhusiwa mwaka wa 1939, aliyeshinda alikuwa Mweritrea, Ghebremariam Ghebru. Kwa hiyo mshabiki wa Asmara anapomshangilia Girmay, hamshangilii yeye peke yake. Anashangilia pia deni la babu zake lililolipwa mbele ya macho ya waliowadharau.

Kijana alikuwa amemtumainia Girmay siku hiyo. Lakini milima ya Kigali haikuwa milima ya waendeshaji wa aina yake, ambao silaha yao ni kasi ya mwisho, na hakuonekana katika kundi lililopigania ushindi. Kijana akazima simu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyenyimwa kitu alichoahidiwa.

Muda huo wote mzee alikuwa amekaa juu ya kigoda, akinyoosha rimu. Ndipo alipouliza bila kuinua kichwa:

"Walioanza walikuwa wangapi?"

"Zaidi ya mia moja na sitini, umau."

"Wangapi wamefika?"

"Thelathini."

Mzee aliiweka rimu chini. "Na hao wengine, nani amewaendea?"

Mwalimu alitabasamu akidhani ni mzaha wa kizee. Haukuwa mzaha. Swali hilo lina asili ndefu katika nchi ya Wakamba. Katika karne ya kumi na tisa, misafara ya Wakamba ilikuwa ikibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi pwani. Kivoi wa Kitui, ambaye mmisionari Krapf alifika kwake mwaka wa 1849, alikuwa miongoni mwa viongozi mashuhuri wa biashara hiyo. Mzee alisimuliwa na babu yake kwamba msafara uliporejea, akina mama waliuendea njiani na kuhesabu vichwa kabla ya kuhesabu mizigo. Aliyetangulia kuingia kijijini hakusifiwa kwa hilo. Aliulizwa waliobaki nyuma wako wapi.

Si kwamba mzee alidharau ushindi. Alipoelezwa vizuri, alikiri kwamba mtu aliyekwenda peke yake kilomita 60 na zaidi katika milima ana moyo. Ila kwake, habari haikuwa imekwisha kusimuliwa. Naye kijana, aliyekuwa amehuzunika kwa sababu ya bendera, alilazimika kukumbuka huzuni kubwa zaidi. Mwezi wa Agosti mwaka wa 2022, Mkenya Suleiman Kangangi, nahodha wa kikosi cha waendesha baiskeli wa Afrika Mashariki, alianguka akishindana Vermont, Marekani, akafa. Nayo yalikuwa mashindano ya siku moja. Siku ile hakuna mshabiki nchini Kenya aliyejali nani alishinda. Kila mmoja aliuliza swali la mzee, na jibu lake lilikuwa chungu.

Kwa kijana, hata hivyo, swali hilo lilikuwa na mwiba mwingine, ambao mwalimu hakuujua. Katika orodha ya matokeo, majina ya wasiomaliza huwekwa chini, bila nambari. Naye kijana alijiona katika orodha ya namna hiyo. Alikuwa amejiunga na chuo cha ualimu, akasoma hadi mwaka wa pili. Ukame wa 2021 na 2022 ulipowamaliza ng'ombe waliokuwa ndio karo yake, akarudi nyumbani na sanduku lake. Majirani walipomwuliza alimaliza lini, aligeuza mazungumzo. Alikuwa ameacha hata kuimba katika kwaya ili asikutane na swali hilo kila Jumapili. Mtu wa namna hiyo akimshangilia mshindi, hushangilia kwa ukali, kana kwamba ushindi wa mwingine utamfichia aibu yake. Na mshindi wake anapokosa, hubaki uchi.

Mwalimu alipoondoka na baiskeli yake, mzee alimsimulia mjukuu wake jambo ambalo hakuwahi kumsimulia. Mwaka wa 1984, mwaka wa njaa, alitoka na baiskeli kwenda Emali kutafuta mahindi. Aliyapata kwa shida. Njiani, katika mwinuko, ekseli ya nyuma ikakatika. Gunia hakuweza kulibeba pamoja na baiskeli, akalazimika kuliacha kwa watu asiowajua. Alirudi usiku kwa miguu, baiskeli begani, mikono mitupu, ilhali watoto walikuwa wakimngoja na chungu kimeinjikwa maji.

"Niliona haya kuingia nyumbani, mjukuu wangu. Nikakaa chini ya mti kule bondeni. Susu yako akanijia huko na kibuyu cha maji. Hakuniuliza mahindi yako wapi. Alisema, 'Umefika,' basi. Kesho yake nikaazima ekseli, nikarudi."

"Na gunia, umau?"

"Nililikuta. Lilikuwa limepungua kidogo."

Wote wawili wakacheka.

Ushabiki wa bendera una haki yake, maana mtu hupenda kumwona wa kwao mbele. Ushabiki wa historia, kama ule wa Asmara, una haki kubwa zaidi. Lakini uko ushabiki wa tatu, ambao haupigi kelele, na ambao unafaa kuzingatiwa hasa na wasomi. Katika mahafali ya vyuo vikuu husomwa majina ya waliofuzu, na waliopata daraja la kwanza hupigiwa makofi zaidi. Ni haki yao. Ila hakuna anayesoma majina ya walioanza nao darasa moja na hawapo uwanjani. Wengi wao hawakushindwa na vitabu. Walikatikiwa ekseli katika mwinuko, nao wamekaa chini ya mti bondeni wakiona haya kuingia nyumbani. Jumuiya inayojua kumshangilia aliyefika bila kujua kumwendea aliyekwama imejifunza nusu tu ya ushabiki.

Methali ya kutangulia na kufika, kwa hiyo, haitoshi ikichukuliwa kuwa onyo kwa aliye mbele au faraja kwa aliye nyuma. Wahenga waliisema katika nchi ambamo safari zilikuwa ndefu na za watu wengi. Kufika kwa mmoja hakukukamilika kabla wengine hawajaonekana.

Jumatatu asubuhi kijana alimwomba babu yake ruhusa ya siku moja. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, na mkononi alishika bahasha yenye barua zake za chuo. Mzee hakumwuliza aendako. Aliichukua baiskeli, akaminya magurudumu yote mawili kwa kidole gumba, akaongeza upepo katika la nyuma.