Mbegu za Kivulini

Msomaji mpenzi, ikiwa nyumbani kwenu pana pembe ya kivuli ambayo mahindi hayazai na maua ya jua hunyong'onyea, usiidharau. Mimi naliidharau pembe kama hiyo nilipokuwa kijana wa miaka 14, na dharau yangu iliua mimea 7 ambayo sikuwa na haki ya kuigusa.

Nalizaliwa chini ya kilima cha Mbololo, katika milima ya Taita. Juu yake pana msitu ambao ukungu huufunika asubuhi nyingi, na humo, katika nyufa za miamba yenye unyevu, huota mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya zambarau. Katikati ya kila ua mna vifuko viwili vya manjano, mfano wa macho. Aina hii haioti mwituni pengine popote duniani. Ina ndugu zake katika miamba ya Kilifi na katika milima ya Usambara, nchini Tanzania. Huko Usambara, mnamo mwaka 1892, mtawala Mjerumani aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire aliuona mmea huo akampelekea baba yake mbegu Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akaupa jina la ukoo wao, Saintpaulia. Siku hizi wataalamu wameutia katika jamii ya Streptocarpus, lakini jina la kwanza halijasahauliwa. Wazao wa mimea ya Usambara wamo madirishani mwa nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Aina yetu ya Taita ilipata jina lake la kitaalamu mwaka 1958. Sisi watoto wa chini ya kilima hatukuwa na habari ya lolote kati ya hayo.

Siku moja, katika likizo, nalipanda msituni kutafuta kuni, nikaiona mimea hiyo mwambani imechanua. Uzuri wake ulinipumbaza. Naling'oa 7, nikaitia kikapuni, nikaipanda mbele ya nyumba ili kila mpita njia aione. Naliipa samadi mbichi ya ng'ombe. Naliipa jua tele. Na adhuhuri naliimwagia maji baridi ya mtoni juu ya majani. Kila nililolifanya nalilifanya kwa mapenzi, na kila moja lilikuwa sumu. Siku ya nne ilikuwa imelala chini kama mboga iliyopikwa.

Nyanya yangu hakunikemea. Aliokota jani moja lililokuwa bado na uhai, akalichomeka kikonyo chake katika mkebe wenye mboji ya majani makavu, akauweka chini ya upenu nyuma ya jiko, mahali tulipomwaga maji ya kuoshea vyombo. "Mjukuu wangu," aliniambia, "wewe umempa mgeni chakula chako badala ya chakula chake." Baada ya miezi michache vijani vilichomoza kando ya kikonyo.

Mmea ule uliishi kuliko nyanya mwenyewe. Naurithi mkebe, na kwa miaka mingi naligawa majani kwa majirani. Lakini jani huzaa mmea ulio sawasawa na mamaye. Kwa hiyo kuvu lilipoingia katika vikopo vyetu, mimea ya majirani yote iliugua kwa namna moja, ikafa kwa namna moja. Nalibaki na mmoja. Ndipo nilipotaka mbegu.

Sikiliza basi nilivyofanya, maana huenda ukajaribu. Chini ya upenu nyuki hawakuja, nikawa nyuki mimi. Nalipasua kifuko cha manjano kwa ncha ya sindano, nikachukua chavua iliyo kama unga, nikaigusisha ncha ya ule ujiti unaochomoza kando. Ua lilidondoka, na tunda dogo likavimba polepole. Lilichukua karibu nusu mwaka kukauka. Mbegu zake ni ndogo mno, kama vumbi la ugoro. Pumzi moja ya chafya yaweza kukunyima mavuno yote.

Za kwanza nalizifukia kama mkulima wa maharagwe, wala hapakuota hata moja, kwa sababu mbegu hizi zahitaji mwanga ili ziamke. Za pili nalizinyunyiza juu ya mboji iliyochekechwa, nisizifunike kwa udongo, ila nikaweka kipande cha kioo juu ya mkebe ili unyevu usitoroke. Maji nalitia sahanini, mkebe ukayanywa kwa chini. Wiki ya tatu naliona vitone vya kijani, vidogo kuliko kichwa cha pini. Na hapa nikuonye: vitabu vya Ulaya husema uweke mmea upande wa kaskazini. Kwetu, karibu na ikweta, jua hupita kaskazini katikati ya mwaka na kusini mwishoni mwake. Ukuta pekee haukupi kivuli cha mwaka mzima. Tafuta upenu mpana au mti.

Leo nina miche 19, na majani yake hayalingani: mengine mapana, mengine yana wekundu kwa chini. Mwaka jana nalipanda tena kwenye mwamba ule, nikiwa na nia ya kulipa deni langu. Mti mkubwa uliokuwa ukiutia kivuli haukuwapo; mwamba ulikuwa mkavu na wa moto, na mimea niliyoihesabu ilikuwa 3. Nalisimama pale nikizifikiria zile 7.

Nalimwomba mzee mmoja wa watunzaji wa msitu ruhusa ya kuirudisha miche yangu. Alikataa kwa upole. Alisema miche ya mikebeni huweza kupeleka ugonjwa msituni, na tena mwamba usio na kivuli utaiua kama nilivyoiua ile ya kwanza. Akanionyesha kitalu cha miti ya asili chini ya kilima, akanikabidhi ndoo. Tangu hapo, kila Jumamosi, mimi humwagilia miti.