Rybnik, Mji wa Pikipiki Zisizo na Breki

Leo twawachukua hadi Rybnik, mji wa Silesia ya Juu, kusini mwa Polandi. Jina lake latokana na samaki. Maana yake ya kale ni bwawa la kufugia samaki. Walakini riziki ya wenyeji, kwa miaka mingi, haikutoka majini, bali ilitoka chini ya ardhi, katika makaa ya mawe. Chimbo la Ignacy, ambalo sasa limehifadhiwa kuwa ukumbusho, lilianza mwaka 1792. Baada ya kura ya mwaka 1921 nchi ile iligawanywa, na mwaka 1922 Rybnik ukawa upande wa Polandi.

Mtu ashindaye kutwa katika giza la machimbo hutamani mahali peupe pa kukutana na wenzake. Mahali hapo, kwa watu wa Rybnik, ni uwanja wa manispaa. Katikati pana majani, ndipo uchezwapo mpira wa miguu; na kuyazunguka majani pana njia ya udongo, ndipo zikimbiapo pikipiki.

Timu ya mpira, ROW, ilichukua jina lake katika herufi za wilaya ya makaa ya Rybnik. Mwaka 1975 kikosi chake cha pili kilifika fainali ya Kombe la Polandi, kikatoka sare na Stal Rzeszów bila bao, kisha kikashindwa kwa penalti. Lakini sifa kubwa ya mji ni pikipiki. Kuanzia mwaka 1956 hadi 1972 Rybnik ilitwaa ubingwa wa timu za Polandi mara 12. Mwana wa mji huo, Antoni Woryna, alikuwa wa tatu duniani mwaka 1966, na tena mwaka 1970.

Yafaa tueleze mchezo wenyewe. Wapandaji wanne huzunguka mara nne, wakipinda daima kushoto, huku gurudumu la nyuma likiteleza udongoni. Pikipiki hizo zina gea moja, wala hazina breki. Jambo hili si uzembe: mmoja akisimama ghafula, aliye nyuma humvaa. Basi breki ya mpandaji ni mkono wake, jicho lake na akili yake.

Hata hivyo, ustadi hauondoi hatari. Mwezi wa Mei 2016 kijana wa miaka 18, Krystian Rempała wa timu ya Tarnów, alianguka katika uwanja huo wa Rybnik, na baada ya siku chache akafariki. Baba yake naye alikuwa mpandaji wa mashindano hayo hayo. Mzazi aliyemfundisha mwanawe jambo alipendalo, kisha akamzika kwa ajili yake, hahitaji kuelezwa thamani ya roho.

Enyi vijana, ushujaa wa wale wanne twausifu. Lakini angalieni umezungushiwa nini: njia iliyofungwa, waamuzi wenye bendera, kofia ngumu, na daktari aliye tayari. Barabarani hakuna hata kimoja cha hivyo. Mna watoto watokao chuoni na wazee wavukao polepole. Pikipiki ya barabarani ilipewa breki kwa ajili yao. Mwenye kuitumia hakuwa mwoga. Amejua tu kwamba njia si yake peke yake.